Mizani Iliposhindwa: Mgogoro wa Mpangilio katika Jedwali la Elementi

Katika jedwali la elementi linalotundikwa kwenye kuta za maabara za shule za sekondari, argoni imo katika nafasi ya 18 na potasiamu katika nafasi ya 19, ilhali uzani wa atomi ya argoni ni 39.95 na ule wa potasiamu ni 39.10, kwa maana kwamba elementi nzito imetangulia iliyo nyepesi. Hali hiyo inajirudia kwa kobalti (58.93), ambayo imewekwa kabla ya nikeli (58.69), na kwa teluriamu (127.60), ambayo imewekwa kabla ya iodini (126.90). Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba elementi zilipangwa hapo awali kwa kufuata uzani wake, kuanzia iliyo nyepesi hadi iliyo nzito, ana haki ya kuuliza ni nani aliyekiuka kanuni hiyo na kwa hoja gani.

Jibu lilichukua zaidi ya miaka 40 kupatikana, tangu 1869 hadi 1913, na katika muda huo wapo wanakemia walioamini kwamba mizani ndiyo iliyokosea na wapo walioanza kulitilia shaka jedwali lenyewe. Historia hiyo ina maana hata sasa, kwa kuwa mgogoro wa aina hiyohiyo bado haujamalizika: wataalamu hawajaafikiana ni elementi ipi inayostahili kukaa chini ya skandiamu na itriamu, na chanzo cha kutoafikiana kwao ni kilekile cha karne ya 19, yaani iwapo nafasi ya elementi iamuliwe na kipimo kimoja au na undugu wa tabia zake.

Uzani usio na kanuni moja

Elementi ni dutu ambayo kemia haiwezi kuigawanya kuwa dutu nyingine sahili zaidi. Antoine Lavoisier alichapisha huko Paris mwaka 1789 orodha ya dutu 33 za namna hiyo, akiingiza miongoni mwake hata mwanga na joto, ambavyo leo havihesabiwi kuwa elementi. Mwaka 1808 Mwingereza John Dalton alianza kuchapisha kitabu kilichofafanua kwamba kila elementi ina atomi za aina yake zenye uzani wake, na kwamba uzani huo hukadiriwa kwa kulinganisha kiasi cha dutu moja kinachoungana na kiasi fulani cha nyingine, hidrojeni ikihesabiwa kuwa moja.

Ugumu wa njia hiyo ni kwamba ilimtaka mpimaji ajue kwanza idadi ya atomi zilizomo katika kampaundi, yaani dutu iliyoundwa kwa muungano wa elementi mbili au zaidi. Dalton alidhani kwamba maji yana atomi moja ya hidrojeni kwa kila atomi moja ya oksijeni, na kwa sababu ya dhana hiyo uzani wa oksijeni ulitoka pungufu, chini ya 8 badala ya 16. Hata miongo kadhaa baadaye maabara mbalimbali zilitumia thamani zisizolingana, na mpangilio wowote uliokuwamo katika namba hizo ulifichwa na mkanganyiko huo.

Hata hivyo dalili zilikuwapo. Mwaka 1829 Johann Döbereiner wa Jena, Ujerumani, alionyesha kwamba baadhi ya elementi hukaa tatu tatu kwa tabia, kama vile klorini, bromini na iodini, na kwamba uzani wa ile ya kati hukaribia wastani wa zile mbili za pembeni. Mkanganyiko wenyewe ulianza kutatuliwa Septemba 1860 katika mkutano wa wanakemia mjini Karlsruhe, ambako Mwitalia Stanislao Cannizzaro alitetea kanuni ya mwananchi mwenzake Amedeo Avogadro, isemayo kwamba ujazo sawa wa gesi, katika halijoto na kanieneo sawa, una idadi sawa ya chembe. Kwa kanuni hiyo fomula za kampaundi ziliweza kuamuliwa na uzani wa atomi ukapata msingi mmoja. Miongoni mwa waliomsikiliza walikuwamo Mrusi Dmitri Mendeleev na Mjerumani Lothar Meyer, na takriban muongo mmoja baadaye kila mmoja wao alikuwa na jedwali lake.

Wapo waliowatangulia. Mfaransa Alexandre-Émile Béguyer de Chancourtois alizipanga elementi mwaka 1862 katika mstari unaozunguka mcheduara, lakini makala yake ilichapishwa bila mchoro na haikueleweka. Mwingereza John Newlands alidai kwamba tabia hujirudia katika kila elementi ya nane, na alipowasilisha hoja hiyo mbele ya Chama cha Kemia cha London mwaka 1866 aliulizwa kama alikwisha kujaribu kuzipanga kwa alfabeti. Chama hicho kilikataa kuchapisha makala yake, na haki yake ilitambuliwa mwaka 1887 alipotunukiwa Medali ya Davy.

Alama ya kuuliza kando ya teluriamu

Mendeleev, aliyekuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Saint Petersburg, alihitaji mpangilio kwa sababu ya kazi ya darasani: alikuwa akiandika kitabu cha kiada cha kemia na alitaka kanuni ya kupanga sura zake. Jedwali lake la kwanza, lenye tarehe 17 Februari 1869 kwa kalenda ya Urusi ya wakati huo, ambayo ni 1 Machi kwa kalenda ya sasa, lilikuwa na elementi 63 zilizojulikana. Kanuni yake ilikuwa kwamba elementi zikipangwa kwa kuongezeka kwa uzani, tabia zake hujirudia kila baada ya hatua kadhaa, na kwa sababu hiyo jedwali huitwa radidia, yaani lenye kurudiarudia.

Kanuni hiyo, hata hivyo, ilikuwa na masharti mawili ambayo kwa kawaida yaliafikiana: uzani uongezeke, na ndugu wakae pamoja. Teluriamu na iodini zilikuwa mahali ambapo masharti hayo yalikosana. Iodini huungana na sodiamu na kutoa chumvi kama ifanyavyo bromini, na teluriamu huungana na hidrojeni kwa uwiano uleule wa seleniamu na salfa, kwa hiyo kuzipanga kwa uzani mtupu kungeitenga kila moja na jamaa zake. Mendeleev aliufuata undugu, akaitanguliza teluriamu, na kando ya uzani wake wa 128 akaweka alama ya kuuliza.

Alama hiyo inaonyesha alivyolitafsiri tatizo lenyewe. Hakuwa na nia ya kuiasi mizani, kwani aliamini kwamba teluriamu haikupimwa vizuri na kwamba vipimo vya baadaye vingeishusha chini ya iodini. Imani hiyo ilikuwa na msingi, kwa kuwa kwa kutumia hoja ileile alikuwa akisahihisha namba za elementi nyingine na kupatia: urani, iliyodhaniwa kuwa na uzani wa 120, aliipandisha hadi 240, na indiamu, iliyopewa takriban 76, aliipeleka hadi 113. Thamani zinazokubalika leo ni 238.03 na 114.82. Katika jedwali la 1871 aliishusha teluriamu hadi 125, na rafiki yake Bohuslav Brauner wa Prague alitumia miaka mingi kutafuta uchafu ambao pengine uliongeza uzani wake. Uchafu huo haukupatikana.

> Hoja iliyompa Mendeleev jibu sahihi kuhusu urani ndiyo iliyompotosha kuhusu teluriamu.

Sifa kubwa ya Mendeleev ilitokana na nafasi alizoziacha wazi. Mwaka 1871 alieleza kwa kina tabia za elementi tatu ambazo hakuna aliyewahi kuziona, akizitaja kwa majina ya jirani zao wa juu na kutanguliza neno "eka", ambalo katika Kisanskriti ni moja. Galiamu ilipatikana Ufaransa mwaka 1875, skandiamu Sweden mwaka 1879, na jermaniamu Ujerumani mwaka 1886. Paul-Émile Lecoq de Boisbaudran, aliyeigundua galiamu, alipima densiti yake, yaani uzito wake kwa ujazo, akapata 4.7. Mendeleev, ambaye hakuwahi kuishika metali hiyo, alisema densiti inapaswa kukaribia 5.9, na sampuli iliposafishwa na kupimwa upya ikatoka 5.9. Kuhusu jermaniamu alitabiri uzani wa atomi wa 72, na Clemens Winkler wa Freiberg alipata 72.3.

Meyer anastahili nafasi kubwa kuliko anayopewa na vitabu vingi vya shule. Kitabu chake cha 1864 tayari kilikuwa na jedwali dogo la elementi 28, na mchoro wake wa 1870, ulioonyesha jinsi ujazo wa atomi unavyopanda na kushuka kwa mawimbi kadiri uzani unavyoongezeka, uliuweka ujirudiaji mbele ya macho kwa uwazi ambao jedwali la Mendeleev halikuwa nao. Tofauti yao ni kwamba Meyer alijizuia kutabiri, ilhali Mendeleev alitoa ahadi zilizoweza kuthibitishwa au kukanushwa. Mwaka 1882 Medali ya Davy ilitolewa kwa wote wawili pamoja.

Gesi isiyokuwa na mahali

Tatizo lililoonekana kuwa dogo kwa teluriamu liliongezeka mwaka 1894, Lord Rayleigh na William Ramsay walipotangaza kwamba hewa ina gesi isiyoungana na dutu yoyote. Rayleigh alikuwa amebaini kwamba nitrojeni inayotolewa hewani ni nzito kidogo kuliko nitrojeni inayotengenezwa kutoka kwenye kampaundi, na tofauti hiyo ilitokana na argoni, ambayo ni karibu asilimia moja ya hewa. Uzani wake ulikaribia 40, thamani iliyoangukia baina ya potasiamu na kalsiamu, mahali ambapo hapakuwa na nafasi hata moja.

Mendeleev alishuku kwamba argoni haikuwa elementi bali ilikuwa nitrojeni yenye atomi tatu zilizoungana. Ramsay alilitatua jambo hilo kwa kuonyesha kwamba argoni ina jamaa: heliamu aliipata katika madini mwaka 1895, na neoni, kriptoni na ksenoni akazipata pamoja na Morris Travers mwaka 1898, hivyo ikaongezwa safu wima nzima ya gesi adimu. Nafasi ikapatikana, lakini kwa gharama ya kuitanguliza argoni mbele ya potasiamu, na jozi zilizokiuka mizani zikawa tatu. Dosari moja ingeweza kuhesabiwa kuwa kosa la maabara, ila tatu zilidai maelezo.

Jibu la Moseley

Maelezo yalitoka kwenye fizikia. Baada ya Ernest Rutherford kuonyesha mwaka 1911 kwamba atomi ina kiini kidogo chenye chaji chanya, mwanasheria Mholanzi Antonius van den Broek alipendekeza kwamba idadi ya chaji hizo ni sawa na namba ya nafasi ya elementi katika jedwali. Kijana Mwingereza Henry Moseley aliamua kulipima wazo hilo huko Manchester mwaka 1913, na baadaye Oxford, kwa kuzipiga sampuli za elementi kwa elektroni ili zitoe eksirei. Aligundua kwamba kipeuo cha pili cha kasimawimbi ya eksirei hizo, yaani idadi ya mitetemo yake kwa sekunde, huongezeka kwa hatua sawa kutoka elementi moja hadi inayofuata.

Katika vipimo vyake vya kwanza kobalti ilitoka 27 na nikeli 28, sawa na ilivyotakiwa na kemia na kinyume na ilivyotakiwa na mizani. Namba hiyo, inayoitwa namba atomia, ni idadi ya protoni, yaani chembe zenye chaji chanya zilizomo katika kiini. Tangu hapo iliwezekana pia kuhesabu nafasi zilizobaki wazi, na Moseley mwenyewe alitaja 43, 61 na 75. Aliuawa vitani Gallipoli, Uturuki, Agosti 1915, akiwa na umri wa miaka 27. Hasara hiyo kwa sayansi haikufidiwa na chochote.

Uzani ulipotosha kwa sababu kiini kina pia neutroni, chembe zisizo na chaji, ambazo huongeza uzito bila kubadilisha tabia ya kikemia. Atomi za elementi moja zinazotofautiana kwa idadi ya neutroni huitwa isotopi, na uzani unaoandikwa katika jedwali ni wastani wa isotopi hizo kwa kadiri zinavyopatikana duniani. Iodini ya asili ina isotopi moja tu, yenye uzani wa 127, ilhali karibu theluthi mbili za teluriamu ni isotopi mbili nzito za 128 na 130. Kwa hiyo vipimo vya Brauner havikuwa na kasoro ya msingi, na mpangilio wa Mendeleev nao ulikuwa sahihi. Kilichokosewa ni dhana ya kwamba viwili hivyo lazima vikubaliane.

Habari ya argoni ina uzito wa pekee kwa wasomaji wa Afrika Mashariki. Karibu argoni yote ya duniani ni isotopi ya 40, na imezaliwa ndani ya miamba kutokana na kuvunjika polepole kwa isotopi ya 40 ya potasiamu, ambayo nusu yake hubadilika kwa muda wa takriban miaka bilioni 1.25, sehemu kubwa ikiwa kalsiamu na takriban sehemu moja ya kumi ikiwa argoni. Katika nyota, ambako argoni iliyo nyingi ni ile ya 36, mpangilio wa uzani usingevurugika. Badiliko hilohilo lililowatatiza wanakemia wa karne ya 19 ndilo lililotumika kupima umri wa majivu ya volkano katika Bonde la Olduvai, Tanzania, ambako mwaka 1961 Louis Leakey, Jack Evernden na Garniss Curtis walitangaza kwamba tabaka lililotoa fuvu la zamadamu aliyeitwa Zinjanthropus, lililogunduliwa na Mary Leakey mwaka 1959, lina umri wa takriban miaka milioni 1.75.

> Argoni inaizidi potasiamu kwa uzani kwa sababu argoni ya dunia hii ni zao la potasiamu yenyewe.

Elektroni zaongoza mpangilio

Namba atomia hueleza utaratibu wa elementi, lakini ujirudiaji wa tabia hutokana na elektroni, chembe zenye chaji hasi zinazokizunguka kiini katika matabaka yenye nafasi zenye ukomo. Elementi zilizo katika safu wima moja, na zipo safu 18, kwa kawaida zina idadi sawa ya elektroni katika tabaka la nje, na kwa kuwa hizo ndizo zinazoshiriki katika miungano ya kikemia, tabia zao hufanana. Safu mlalo ni saba, zenye elementi 2, 8, 8, 18, 18, 32 na 32, ambazo jumla yake ni 118.

Urefu usiolingana wa safu hizo unatokana na nafasi zinazojazwa kwa mafungu ya elektroni 2, 6, 10 na 14, yanayotajwa kwa herufi s, p, d na f. Fungu la f hujazwa katika lanthanidi na aktinidi, elementi ambazo katika majedwali mengi hushushwa chini ili ukurasa usiwe mpana mno.

Nani akae chini ya itriamu?

Hapo ndipo mgogoro wa leo ulipo. Upande mmoja unasema kwamba chini ya skandiamu na itriamu zikae lanthanamu na aktiniamu, kwa kuwa ndizo zinazofuata mara tu baada ya bariamu na radiamu, na atomi zake, kama zile za skandiamu na itriamu, hazina elektroni za f. Upande wa pili, uliopata nguvu kutokana na makala ya William Jensen ya mwaka 1982, unataka lutetiamu na lorensiamu, kwa hoja kwamba sifa kadhaa za lutetiamu zinaishabihi itriamu zaidi, na kwamba kwa mpangilio huo fungu la d hubaki na safu 10 zisizokatika na fungu la f hubaki na 14 kamili.

Muungano wa kimataifa wa kemia, ujulikanao kwa kifupi kama IUPAC, huchapisha jedwali linaloweka elementi zote 15, kuanzia 57 hadi 71, katika nafasi hiyo moja, ingawa fungu la f lina uwezo wa elektroni 14 tu. Jopo lake lililoongozwa na Eric Scerri lilipendekeza katika ripoti ya awali ya mwaka 2021 kwamba lutetiamu na lorensiamu zichukue nafasi hiyo, likikiri kwamba hakuna kigezo kimoja kinachokata shauri na kwamba uchaguzi una sehemu ya makubaliano ya watu. Ungamo hilo linastahili kuingizwa katika vitabu vya kiada, kwani mwanafunzi anayelipokea jedwali kama kitu kilichokamilika hunyimwa sehemu yake iliyo hai zaidi.

Elementi zinazogombaniwa zina thamani pia nje ya darasa. Lanthanidi hutumika katika sumaku za injini za umeme na katika taa, na hifadhi yake ipo Ngualla, mkoani Songwe, Tanzania. Kwa kuwa zinafanana mno kikemia, kuzitenganisha ni kazi ngumu na ya gharama, na ufanano huo unatokana na fungu lilelile la f lililozusha mabishano.

Heliamu nayo inathibitisha kwamba hata kigezo cha elektroni hakifuatwi bila ubaguzi. Tabaka lake la nje lina elektroni mbili, kama la beriliamu na magnesiamu, na wapo wanaotaka iwekwe juu ya beriliamu, lakini huwekwa juu ya neoni kwa sababu tabaka lake limejaa na tabia yake ni ya gesi adimu.

Safu ya nane

Safu ya saba ilikamilika rasmi Novemba 2016, majina ya elementi za 113, 115, 117 na 118 yalipoidhinishwa. Elementi ya 119 itafungua safu ya nane, na maabara kadhaa zinaiwania pamoja na ya 120. Mwaka 2024 watafiti wa Berkeley, Marekani, walitangaza kwamba kwa siku 22 za kurusha viini vya titaniamu kwenye plutoniamu walipata atomi mbili za elementi ya 116, jaribio lililokusudiwa kupima iwapo njia hiyo inaweza kufika 120.

Huko mbele utaratibu unatarajiwa kuvurugika tena. Katika viini vyenye chaji kubwa sana elektroni za ndani huenda kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga, na athari zake, ambazo tayari ndizo zinazoipa dhahabu rangi yake ya manjano na kuifanya zebaki iwe kimiminika, hubadilisha zamu ya kujazwa kwa matabaka. Mwanakemia wa Finland Pekka Pyykkö, aliyekokotoa jedwali hadi elementi ya 172, aliziweka elementi za 139 na 140 katika safu wima za 13 na 14, ilhali zile za 141 hadi 164, zilizo kubwa kuliko hizo kwa namba atomia, zimekaa kushoto kwake.